Dada Futi na Mtazamo Finyu

Vita vya nyumba ile vilianza na neno la kompyuta ambalo mwenye nyumba alilitafsiri vizuri kupita kiasi.

Mwenye nyumba huyo alikuwa amenunua kiigizi cha mbio za magari kutoka kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa. Kilikuwa kiti cha gari halisi kilichofungwa kwenye fremu ya chuma, chenye usukani, pedali, na skrini moja pana iliyosimama mahali ambapo kioo cha mbele kingekuwa. Nyumbani waliliita tu gari. Liliwekwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya dada yake, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuliweka. Siku ya kwanza mwenyewe alikaa, akaendesha raundi mbili, akainuka uso umempauka kama majivu, akatapika kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa. Tangu siku hiyo hakulikalia tena.

"Mimi ni mwenye gari," alisema kila alipoulizwa. "Sikusema ni dereva."

Waliobaki nalo ni wanawake wawili. Wa kwanza ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Wa pili ni mke wa mwenye nyumba, wifi yake Dada Futi, mpokea wateja katika duka la miwani, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Wifi hao wawili hawakuwa wakipendana hata kabla ya gari kuja. Gari liliwapa uwanja tu.

Sasa tulieleze neno lenyewe. Katika mipangilio ya mchezo huo kuna namba moja inayoamua ni sehemu kubwa kiasi gani ya dunia itakayoingia ndani ya skrini. Ukiiongeza namba, unaona barabara, nyasi za kushoto na kulia, na hata pua ya gari linalotaka kukupita. Lakini kila kitu kinakuwa kidogo na kinakimbilia mbali, na kingo za picha zinavutika kama mpira wa kandambili. Ukiipunguza, unaona kidogo, ila hicho kidogo kina ukubwa wake wa kweli. Kaka mwenye nyumba, ambaye shuleni alikuwa akipata alama nzuri za Kiswahili, aliandika tafsiri yake kwa herufi kubwa na kuibandika chini ya skrini: UPANA WA MTAZAMO.

Alidhani amesaidia.

Jioni moja walikuja wageni, wafanyakazi wenzake wifi kutoka duka la miwani. Dada Futi alikuwa kwenye kiti, anapiga kona, na kila kona ilimtupa nyasini. Wifi akawaeleza wageni kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari:

"Mikono yake haina ubaya. Miguu haina ubaya. Tatizo la wifi yangu ni mtazamo tu."

Wageni wakaangua kicheko.

"Kweli jamani, mtanicheka bure. Mtazamo wake mpana mno. Hapo anatakiwa awe na mtazamo finyu."

Dada Futi alisimamisha gari katikati ya barabara. Aligeuka polepole, futi ikining'inia shingoni.

"Mtazamo finyu baki nao mwenyewe," alisema, "umeuzoea tangu kwenu. Mimi nilizaliwa na macho mawili, na yote yanaona mpaka mwisho wa uwanja."

"Ndiyo maana huoni kona iliyo mbele ya pua yako."

"Na wewe ungeiona wapi? Bila mto wa kukalia hata usukani huuoni."

Wageni wakakumbuka kwamba wana safari. Kaka akakumbuka kwamba kuna vyombo vya kuosha.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke wa umri ule aligombania namba kama mtu anayegombania shamba, lazima tumjue tangu utotoni. Baba yao alikuwa na gari dogo la kazi, na kila Jumapili alimfundisha mwanawe wa kiume kuendesha. Binti, aliyekuwa mkubwa, aliwekwa kiti cha nyuma ashikilie makopo ya rangi yasimwagike. "Wewe tazama tu," baba alimwambia. Akatazama. Kati ya bega la baba na bega la mdogo wake palikuwa na mwanya, na katika mwanya huo alijifunza barabara yote: mahali mguu wa mdogo wake ulipochelewa kwenye breki, kona iliyojifanya fupi kumbe ndefu, tuta lililojificha chini ya kivuli. Alijua kuendesha kama mtu anavyojua nyimbo za kwaya ya wenzake. Maneno yote anayo, ila hajawahi kuitwa mbele.

Baadaye aliolewa na mtu wa teksi. Mume alimwambia gari ni kitega uchumi na si kitu cha kuchezea. Ndoa ilipovunjika alirudi kwa mdogo wake na cherehani kichwani, akaacha mapazia aliyoyashona kwa mkono wake, jambo ambalo lilimuuma kuliko kumwacha mume. Wifi alimpokea kwa maneno matano: "Karibu wifi, utalala na vitambaa." Na kweli, alilala na vitambaa.

Basi gari lilipoingia sebuleni, Dada Futi alilikalia siku ya pili mpaka chakula kikapoa mezani. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na bega la mtu mbele yake. Alitaka kuona kila kitu: kushoto, kulia, mbele, mpaka mawingu. Alikuwa ametazama dunia kupitia ufa muda mrefu, na sasa mtu anamwambia apunguze?

Kaka alimsomea maelekezo. Namba sahihi, alisema, haichaguliwi kwa kupenda. Inatokana na upana wa skrini na umbali kati ya jicho na skrini hiyo.

"Kupima?" Dada Futi alivua futi shingoni. "Kupima mniachie mimi."

Akakaa. Akashika ncha moja ya futi kwenye kona ya jicho, akanyoosha mkono wa pili kuelekea kwenye skrini. Mkono haukufika. Akainama mbele kidogo, akainama tena, mpaka ukafika. Akasoma kipimo. Kisha akafanya kile ambacho kila fundi mzuri wa nguo hufanya bila kufikiri: akaongeza nafasi ya kupumua. Hakuna gauni alilowahi kulishona bila kuongeza vidole viwili vya mwenye nguo kula, kukaa na kuvuta pumzi. Aliwaambia wateja wake kwamba nguo isiyoacha nafasi ni bandeji. Kaka alipomtolea hesabu kwenye simu ikaja namba kubwa, naye Dada Futi akaipandisha zaidi, mpaka sabini na tano.

"Dada, sidhani kama namba hii inahitaji kupumua."

"Wewe uliyetapikia ndoo yangu, nyamaza."

Wifi naye alipimwa, lakini yeye alipimwa na mumewe. Alikaa sawasawa, mgongo kwenye kiti, macho mbele, na mume akamshikia futi. Namba yake ikawa hamsini na sita. Dada Futi alikuwa akitia uzi kwenye sindano wakati huo, akaona yote. Hakuona vipimo. Aliona mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni, akimshikia futi mwanamke mwingine, tena futi yake mwenyewe, iliyochukuliwa juu ya cherehani bila ruhusa.

Kuanzia hapo kila mmoja alipoinuka kwenye kiti alikiharibu kwa ajili ya mwenzake. Wifi alikisogeza mbele kwenye reli mpaka mwisho. Dada Futi, mwenye miguu mirefu, alikirudisha nyuma mpaka mwisho. Mmoja aliweka sabini na tano, mwingine hamsini na sita.

"Umehamisha kiti changu."

"Kiti chako? Hiki ni kiti cha mume wangu."

"Mume wako nilimbeba mgongoni wewe hujajua kusimama."

"Ndiyo maana mgongo umepinda, kiti unakipeleka mpaka jikoni."

Dada Futi alikuwa na siri. Alipoendesha muda mrefu kichwa kilimzunguka, na kinywa kikamjaa mate ya kichefuchefu. Barabara ilipinda pembeni mwa macho yake wakati mwili umekaa tuli, na tumbo halikujua lisadiki jicho au kiti. Alificha nusu ya limau chini ya meza ya cherehani, akawa anainusa kila baada ya raundi chache. Siku wifi alipoliona limau lile alilishika kwa vidole viwili, akamtazama wifi yake tumboni, akatabasamu.

"Hongera, dada. Wa mwezi wa ngapi?"

Dada Futi hakuwahi kupata mtoto. Hilo ndilo neno baya kuliko yote yaliyosemwa katika nyumba ile, na wifi alijua hivyo kabla halijamtoka mdomoni. Lakini lilikuwa limeshatoka, na neno si mbwa ukaliita likarudi.

Malipo yalikuja kwa njia ya fundi. Sketi ya kazi ya wifi ililetwa kushonwa zipu. Zipu ilishonwa vizuri sana. Kiuno kikapunguzwa kidole kimoja, kwa ndani, kwa mshono safi usioonekana. Wiki ile yote wifi alikwenda kazini huku akibana pumzi. Alikula nusu sahani, akajipima mbele ya kioo, akamuuliza mumewe kama amenenepa. Mume, mtu wa amani, akasema kidogo. Hapo ndipo usingizi ulipokimbia chumba chao pia.

Wakati huohuo Dada Futi alikuwa akijidharau kimyakimya, kwa sababu wifi alikuwa akimshinda. Siku moja, nyumba ikiwa tupu, aliweka namba ya adui. Hamsini na sita. Kizunguzungu kilipungua, lakini hakikuisha, na kona bado zilimdanganya: alidhani ziko mbali, kumbe zimeshafika. Akairudisha namba yake kwa hasira iliyochanganyika na furaha. Kumbe namba ya wifi nayo ni uongo mtupu.

Haikumjia akilini kwamba mtu akikaa mbali zaidi na dirisha, dirisha lilelile humwonyesha kidogo zaidi cha nje. Nyumba nzima iligombania namba moja kana kwamba wote wana shingo moja.

Ndipo kinyozi alipobisha hodi. Kinyozi huyo alikuwa nahodha wa timu ya mtaa, timu iliyoshindana na mitaa mingine katika ukumbi wa mbio za skrini mjini. Dereva wake mmoja alikuwa amehama, na nafasi ilikuwa wazi. Alisikia kwenye kiti chake cha kunyolea kwamba kuna nyumba yenye wanawake wawili wenye mkono mwepesi. Alikaribishwa, akatoa simu yake apeleke majina yao kwa mtandao.

"Samahani kaka, hapa nyumbani kuna wifi?"

"Wapo wawili," kaka alijibu, "na hakuna anayeunganisha."

Kinyozi alicheka peke yake. Akaeleza: nafasi ni moja. Jumapili mchana kila mmoja ataendesha mbele yake raundi zilezile, kwenye gari hilihili. Mwenye raundi ya haraka zaidi ataitwa jina ukumbini kwa kipaza sauti, na kukaa kwenye kiti cha mbele cha timu.

Aliposikia kuitwa jina, Dada Futi alisimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hakutaka kingine chochote duniani.

Jumapili ilifika. Raundi za kujaribia pekee zilitosha kuleta ugomvi. Dada Futi aliingia kona ya pili akaenda moja kwa moja nyasini, akagonga ukuta wa matairi, gari likageuka na kutazama lilikotoka.

"Kuna mtu amechezea namba yangu!"

"Namba yako iko pale pale, dada. Sabini na tano. Umri wa bibi yangu."

"Usimtaje bibi yako, alikuwa mtu mzuri. Sijui wewe ulimtokea wapi."

"Kapteni, unaona? Akianguka, nimemsukuma. Akitapika, nimempikia."

"Na wewe ukishinda ni kwa sababu umeshikiwa futi na mume. Mimi nani kanishikia?"

Hapo kinyozi, aliyezoea watu wanaotulia kwa kuogopa wembe, aliinua mikono yote miwili.

"Subirini. Dada Futi, umesema ulijipima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Miaka yote hii ninapima watu."

"Ulijipimaje jicho ukiwa umekaa unaendesha? Hebu nionyeshe."

Akaonyesha. Akashika futi kwenye jicho, akanyoosha mkono, akainama mpaka pua ikakaribia usukani. Kaka akakohoa. Wifi akajifunika mdomo kwa kiganja, ila mabega yakamsaliti.

"Wewe unaendesha umeinama hivyo?" kinyozi aliuliza kwa upole.

Hakuendesha ameinama hivyo. Aliendesha ameegemea nyuma, miguu imenyooka. Alilitambua hilo palepale, mbele ya watu, futi ikiwa bado mkononi.

"Nyani haoni kundule," wifi alisema.

"Basi pimaneni," kinyozi akasema. "Kila mmoja ampime mwenzake. Jicho halijipimi. Na namba itakayotoka ndiyo ya kuendeshea. Sitaki kusikia tena nani kachezea nini."

Kila mmoja wao alijua anachoweza kufanya mtu mwenye futi mkononi. Wifi alikuwa amevaa sketi ileile.

Dada Futi aliketi, akaegemea, akashika usukani. Wifi alivuta kigoda kidogo, akapanda, akaweka ncha ya futi pembeni ya jicho la adui yake. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Usipepese."

"Ukinitoboa nitakushtaki."

"Ningetaka kukutoboa ningeleta sindano yako. Egemea vizuri. Hapana, egemea kama unavyokaa kila siku, ulivyojimwaga."

Futi ilivutwa mpaka kwenye skrini. Dada Futi hakuweza kugeuza kichwa, lakini mtu aliyeshika futi maisha yake yote hahitaji kuiona. Aliisikia kwenye shavu. Ilikuwa imekaza sawasawa, haikulegea, haikupindwa. Kidole gumba cha wifi kilikuwa kimeshika nyuma ya kile kichuma cha mwanzo wa futi, si juu yake. Wanaopunja hushika juu.

Kinyozi aliingiza vipimo kwenye simu. Akatazama namba. Akaitazama tena.

"Arobaini na sita."

Ilichukua muda kidogo kwa maana ya namba hiyo kuingia chumbani. Wifi ndiye aliyeipata wa kwanza, akashuka kwenye kigoda akicheka mpaka akashika kabati la vyombo.

"Arobaini na sita! Mimi hamsini na sita, yeye arobaini na sita! Mtazamo finyu kuliko wote nyumbani! Mume wangu, njoo, badilisha kibandiko!"

"Ni kwa sababu anakaa mbali," kaka alijaribu kusema. "Ni mambo ya umbali tu, wala si..."

"Nimeelewa," dada yake alisema. "Kila mtu ameelewa. Kaa chini."

Angeweza kukataa. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kukataa, na sababu zilikuwa tele: mwanamke huyu aliyelishika limau lake kwa vidole viwili, mwanamke huyu anayecheka pale, ndiye aliyeshika futi. Lakini futi ilikuwa imekaza. Jambo hilo Dada Futi hakuweza kulikana, hata mbele ya nafsi yake. Kumwita wifi mwongo ilikuwa rahisi. Aliifanya kazi hiyo kila siku. Kuiita futi iliyokaza uongo, hapana.

"Weka," alisema. "Usiongeze kitu."

Picha ilipobadilika, moyo ulimshuka. Nyasi zilitoweka. Pembeni palipotea. Hapakuwa na mawingu wala vioo wala gari la jirani, ila kipande kimoja cha lami kilichosimama mbele yake, kikubwa, kizito, karibu. Alianza kuendesha, na ilionekana kama gari limepooza, maana kingo hazikukimbia tena. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki mapema mno kwa woga. Kwenye ya pili hakuogopa. Kwenye ya tatu aliona kitu alichokijua. Barabara ile ndogo iliyobanwa kulia na kushoto, isiyo na chochote cha kumbabaisha, alikuwa ameitazama kila Jumapili ya utoto wake, kutoka kiti cha nyuma, kati ya bega na bega. Breki hapa. Achia. Kona inajifanya fupi, subiri, subiri. Sasa.

Tumbo lake lilitulia. Limau lilibaki chini ya meza.

Raundi ya mwisho ilipoisha, skrini ilitoa muda ambao haukuwahi kuonekana sebuleni pale. Wifi aliacha kucheka.

Ikawa zamu ya wifi kupimwa. Kiti kilisogezwa mbele, mto ukawekwa. Dada Futi alichukua futi. Alikuwa na njia zaidi ya saba za kumpunja mtu kwa futi bila macho ya kinyozi kugundua, na mojawapo ilikuwa kiunoni mwa mwanamke huyo wakati ule ule.

"Usiniongezee vidole vyako vya kupumulia," wifi alisema bila kugeuka. "Wala usinipunguzie. Umeshanipunguzia vya kutosha."

Dada Futi alishusha futi.

"Ulijua?"

"Nafanya kazi kwenye miwani, dada, si kwenye giza. Niliukuta mshono juzi."

"Na bado umenipimia haki?"

"Ningekupunja ningeshinda leo, halafu ningekusikiliza ukilalamika mpaka siku ya kufa kwangu. Nataka nikushinde huna la kusema. Pima."

Alipima. Hamsini na sita, ileile. Futi ilikaza vizuri kama ilivyokaza ile ya kwanza, na kidole gumba kilikaa nyuma ya kichuma.

Wifi aliendesha kwa ukali. Raundi ya kwanza alikaribia, ya pili alikaribia zaidi. Kwenye raundi ya mwisho alikuwa mbele kwa kiasi cha kupepesa jicho, na kila mtu aliiona namba ndogo ya kijani ikimwambia hivyo juu ya skrini. Naye aliiona. Ndilo kosa lake. Aliitazama namba badala ya kona, gurudumu la kushoto likalamba nyasi, na kile alichokuwa amekichuma kikamwagika hapo. Alivuka mstari akiwa nyuma, kwa pengo dogo kuliko pumzi.

"Dada Futi," kinyozi alisema, "kiti ni chako."

Kaka alianza kupiga makofi, akamwona mkewe, akageuza makofi yakawa ya kukung'uta vumbi mikononi.

Wifi alibaki amekaa, mikono kwenye usukani. Dada Futi alijua anatakiwa kusema neno moja fupi, neno ambalo watoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kutembea. Ushindi aliutaka maisha yake yote, na sasa ulikuwa na alama za vidole vya mwanamke huyu.

"Ulitazama namba," alimwambia badala yake.

"Nimejua nilichotazama," wifi alijibu. "Na usifurahi mapema. Kiti cha ukumbini si hiki, na skrini si hii. Utafika kule utainama na futi yako puani, utarudi kwenye sabini na tano yako, utawatapikia timu nzima. Nani atakushikia kule? Huyu kinyozi? Ona sikio la mume wangu."

Kaka aligusa sikio lake, palipokuwa na kovu dogo la wembe. Kinyozi akatazama dari.

Asubuhi iliyofuata wifi aliikuta sketi yake ya kazi kitini, imepigwa pasi. Kiuno kilikuwa kimefumuliwa na kushonwa upya. Aliivaa, akavuta pumzi mpaka mwisho, akaenda kusimama mlangoni pa sebule.

"Umerudisha kidole kimoja ukaongeza kingine. Unaniona nimenenepa?"

"Hiyo ni nafasi ya kupumua," Dada Futi alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Unaongea sana, unahitaji hewa."

Siku ya mashindano walikwenda ukumbini wakitembea pande mbili tofauti za barabara. Mlangoni, mwangalizi alisema wanaoruhusiwa kuingia nyuma ya viti ni madereva tu na wasaidizi wao. Akamwonyesha wifi kwa kalamu.

"Huyu ni nani wako, mama?"

"Wifi yangu," Dada Futi alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa kwa daktari. "Ndiye anayenipima."

Jina lake liliitwa kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote, likavunjwavunjwa na mwangwi wa vyuma vya ukumbi, lakini lilikuwa lake. Alikaa. Akaegemea kama anavyokaa kila siku. Skrini ya pale ilikuwa kubwa zaidi na mbali zaidi, na watu wa mitaa mingine walikuwa tayari wanawatazama wanawake hao wawili na futi yao ya kushonea, wanasukumana viwiko.

Kichuma cha baridi kikagusa kona ya jicho lake.

"Wanatucheka," Dada Futi alisema.

"Wanakucheka wewe. Mimi nimesimama. Tulia."

"Nimetulia."

"Hujatulia, kifua kinapanda na kushuka, futi inacheza." Wifi alivuta mpaka ikakaza. "Usipumue."